Mwongozo Kamili wa Kuandaa Kipindi cha Hadithi Maktabani kwa Watoto wa Awali

Maktaba nyingi za umma katika Afrika Mashariki zina chumba au kona ya watoto, na si haba zilizo na rafu nzuri ya vitabu vya picha. Kinachokosekana mara nyingi ni kipindi chenyewe, yaani muda uliopangwa ambapo mtoto asiyejua kusoma bado anaingia maktabani akijua kuna mtu anayemsubiri na kitabu mkononi. Mwongozo huu ni wa mkutubi, mwalimu wa awali au mzazi anayejitolea, ambaye anataka kuanzisha kipindi hicho na kukiendesha kila juma. Umejengwa juu ya msimamo mmoja: kitabu kimoja kinachosomwa kwa kina na kurudiwa, huku watoto wakijibu, wakiimba na kuigiza, kina faida kubwa kuliko vitabu vitatu vinavyosomwa harakaharaka mbele ya watoto walioambiwa wanyamaze.

Kwanza: wajue watoto watakaokuja

Andalio la kipindi, yaani mpango wake wa maandishi, haliwezi kuandikwa kabla ya kujua litamhudumia nani. Mtoto wa miaka 3 na mtoto wa miaka 5 hawakai sawa, hawaulizi sawa na hawachoki sawa. Kwa walio na miaka 3 hadi 4, kipindi cha dakika 20 hadi 25 kinatosha kabisa. Kwa wale wa darasa la awali Tanzania Bara, wa maandalizi Zanzibar au wa PP2 (mwaka wa pili wa awali) nchini Kenya, unaweza kufika dakika 35, alimradi katikati yake wameinuka na kutikisa viungo. Ukilazimika kuwachanganya, panga kwa kumfikiria mdogo, kisha wape wakubwa kazi ya kusaidia, kama vile kushika picha au kuongoza kibwagizo.

Uliza pia kuhusu lugha ya nyumbani. Mtoto wa Temeke au wa Mombasa mjini huenda amezaliwa ndani ya Kiswahili, lakini wa kijijini Usukumani, wa Kisumu au wa Garissa anaweza kuwa anakisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwalimu wake. Hilo si kikwazo, ila linabadilisha maandalizi: utahitaji vitu halisi vya kuonyesha badala ya maelezo, na itafaa umwombe mwalimu au mzazi anayejua lugha ya nyumbani aketi pamoja nanyi. Mtoto akikujibu kwa lugha yake, pokea jibu, kisha litamke kwa Kiswahili bila kumkosoa.

Idadi ndiyo inayowatesa wengi. Watoto 15 kwa msomaji mmoja ni idadi nzuri, 20 bado inawezekana, lakini darasa zima la watoto 60 lililoletwa na mwalimu mmoja haliwezi kuona picha za kitabu cha kawaida hata likipangwa vipi. Hapo kubaliana na shule mapema kwamba watoto watakuja kwa mafungu, ama kwa siku tofauti, ama fungu moja likiwa kwenye mkeka wa hadithi wakati jingine linachora na mwalimu wao. Usikubali kusomea umati kwa sababu tu wameshafika mlangoni. Wa mstari wa nyuma wataondoka wakiamini kuwa maktaba ni mahali pa kutazama visogo.

Muda bora ni asubuhi, kuanzia saa tatu, watoto wakiwa wamekwisha kunywa uji na jua halijawa kali. Kwa watoto wanaoletwa na wazazi, Jumamosi asubuhi hufaa zaidi. Kabla ya ziara ya kwanza hakikisha mambo manne yamekamilika: ruhusa ya msimamizi wa maktaba, ridhaa ya wazazi kwa maandishi (ikiwemo ya kupiga picha kama mnakusudia kupiga), mpango wa kuvuka barabara, na choo ambacho mtoto mdogo anaweza kukifikia bila kushuka ngazi. Kwa Kenya, kumbuka kwamba baada ya ugatuzi maktaba nyingi ziko chini ya serikali za kaunti, hivyo barua ya maombi huenda ikapaswa kuelekezwa huko. Tanzania Bara, maktaba za mikoa zipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na mkutubi wa mkoa ndiye wa kuanzia.

Pili: chagua kitabu kimoja

Kitabu cha kusomea kundi si lazima kiwe kile kinachopendeza mtoto mmoja akiwa amepakatwa. Kisimamishe juu ya meza, rudi nyuma hatua nne au tano, kisha utazame: je, picha inaeleweka kutoka hapo? Kama huwezi kutofautisha mbuzi na mbwa, mtoto wa mstari wa tatu hataweza pia. Hesabu maneno ya ukurasa mmoja. Sentensi moja hadi tatu zinatosha. Tafuta hadithi yenye jambo linalojirudia, iwe sentensi, mlio wa mnyama au tendo, kwa sababu marudio ndiyo mlango ambao mtoto anauingilia. Hadithi yenye mafunzo mazito ya maadili mwishoni na matukio machache katikati iache rafuni, watoto huilalia.

Kuhusu upatikanaji, wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanatoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulichangia sana kuwapo kwa vitabu hivyo kwenye maktaba za shule. Maktaba isiyo na fungu la kununua inaweza kutumia hadithi za African Storybook, mpango ulioasisiwa Afrika Kusini, ambao hadithi zake zipo kwa lugha nyingi za Afrika kikiwemo Kiswahili, na leseni yake inaruhusu kuzipakua na kuzichapa bila malipo. Chapa kurasa kwa ukubwa wa A3, zibandike kwenye kadibodi, zishone kwa uzi upande wa kushoto, na utakuwa na kitabu kikubwa kinachoonekana chumba kizima.

Usipopata kitabu kabisa, tunga. Mfano nitakaoutumia katika mwongozo huu wote ni hadithi ya kutungwa inayoweza kuchorwa kwenye kurasa sita. Kuku anataka kutaga. Anakwenda jikoni, anamkuta paka amejilaza kwenye majivu. Anaingia uvunguni mwa kitanda, bibi anafagia. Anapanda juu ya gunia la mchele, watoto wanamfukuza. Anajaribu kiti cha babu, na babu ndio kwanza anakuja kukaa. Kila anapoondoka anasema: “Hapa si pangu, nitafute pangu.” Mwishowe anaona kikapu cha ukindu kilichosahaulika nyuma ya mlango, anaingia, anatulia, na asubuhi kuna yai. Hadithi hiyo haina zaidi ya hayo, na kwa mtoto wa miaka 4 inatosha.

Tatu: andika andalio la ukurasa mmoja

Walimu wanalijua andalio la somo lenye safu nyingi za kujazwa. La maktabani lisiwe refu hivyo. Ukurasa mmoja unatosha, na uandikwe kwa namna ambayo mwenzako akiuchukua siku unapougua ataweza kuendesha kipindi bila kukupigia simu.

Juu kabisa andika tarehe, umri wa watoto, idadi inayotarajiwa na jina la kitabu. Kisha andika lengo moja tu, na liwe jambo unaloweza kuliona kwa macho au kulisikia. “Watoto wapende vitabu” ni nia njema lakini huwezi kuipima leo. “Watoto watasema kibwagizo bila kusaidiwa kufikia ukurasa wa nne, na watataja mahali palipomfaa kuku” ni lengo. Chini yake orodhesha maneno matatu au manne ambayo huenda ni mageni, kama vile uvungu, majivu na ukindu, na pembeni mwa kila neno uandike utakachoonyesha. Ukindu usiuelezee, leta kikapu chenyewe wakipapase.

Sehemu inayofuata ni mtiririko wa dakika. Kwa kipindi cha dakika 30, dakika 5 za mwanzo ni za kupokea na wimbo wa kukaribishana, ambao usiubadilishe kila juma kwa sababu ndio unaowaambia watoto kwamba sasa tumeanza. Dakika 3 ni za kitendawili na kulitambulisha jalada. Kusoma kunachukua dakika 10 hivi, pamoja na mazungumzo. Dakika 5 za kuinuka na kuigiza zinafuata, na dakika 7 za mwisho zinagawanywa kati ya kuchora, kuaga na kuazima vitabu.

Chama cha Maktaba cha Marekani, katika mpango wake wa kuwaandaa watoto wadogo kusoma, kinahimiza matendo matano: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Ukimaliza andalio lako, lipitie ukitafuta hayo matano. Mara nyingi utakuta kusoma kumejaa na kucheza kumesahaulika, au kuandika hakupo. Kwa umri huu kuandika maana yake ni kushika kalamu ya rangi na kuacha alama. Haihusiani na kunakili herufi.

Hapa kuna jambo la kusema wazi. Mzazi anayemleta mtoto atauliza, “Leo amejifunza herufi gani?” kwa sababu masikio yetu sote yamezoea KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mjibu kwa upole kwamba kusikiliza, kujaza maneno na kusimulia ndiyo yanayokuja kubeba kusoma baadaye, na kwamba herufi zina mahali pake darasani. Kipindi cha hadithi kikigeuzwa kuwa zoezi la a, e, i, o, u, watoto watakitambua mara moja kuwa ni shule nyingine, na maktaba itakuwa imepoteza kile ambacho ingekitoa yenyewe tu.

Nne: tayarisha chumba na zana

Tandika mkeka au jamvi mbali na mlango, na uwaketishe watoto wakiupa mlango mgongo, ili kila anayeingia asiondoke na macho yao. Mwanga uangukie kitabu: wewe usikae dirishani na jua nyuma yako, kwa sababu watoto wataona kivuli chako tu. Keti kwenye kigoda au kiti kifupi, kitabu kikiwa usawa wa bega lako na kimeelekezwa kwao muda wote. Ndara zipangwe pembeni, mikono inawe, na maji ya kunywa yawepo.

Zana zisizidi tatu. Kwa hadithi ya kuku, kikapu cha ukindu, yai la kuchemsha au la kuchonga kwa mti, na kitambaa cha kufunikia vinatosha. Zana nyingi huvuta macho kutoka kwenye kitabu.

Tano: jizoeze kwa sauti

Soma kitabu chote kwa sauti walau mara mbili kabla ya siku yenyewe, mara moja mbele ya mtu atakayekuambia ukweli. Weka alama ya penseli, ndogo, kwenye kurasa mbili au tatu utakapouliza swali. Amua sauti ya kuku na sauti ya bibi, na usiongeze sauti ya tatu usiyoweza kuishika hadi mwisho.

Sita: endesha kipindi

Anza na kitendawili. “Kitendawili!” Watajibu, “Tega!” na wasiojibu leo watajibu juma lijalo. “Nyumba yangu haina mlango.” Wape nafasi ya kukisia kweli, majibu yote yakipokelewa, hata yale ya ajabu. Wakishindwa, dai mji kama desturi ilivyo, na mtoto akikupa Tanga au Nakuru, safiri huko kwa maneno mawili kabla ya kufichua yai lililo chini ya kitambaa. Kisha fungua hadithi kwa mwito unaotumika mahali ulipo. Pwani ni “Paukwa!” na jibu lake “Pakawa!”, bara wengi watakujibu “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!” Usiwasahihishe wanaojibu kwa namna ya kwao.

Onyesha jalada, taja jina la kitabu na la aliyekiandika na kukichora, ili waanze kujua kwamba vitabu hutengenezwa na watu. Pitisha kidole chini ya jina mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha uendelee.

Kusoma kwenyewe kunategemea namna ya kuuliza. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wadogo waliosomewa na wazazi waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi, na kurefusha majibu ya mtoto, walipiga hatua ya lugha kuliko wale waliosomewa kwa kawaida. Utaratibu uliotokana na kazi hiyo ni rahisi kuufuata: uliza, pokea jibu, liongezee kidogo, kisha mwombe mtoto alirudie lililoongezwa. Kwenye ukurasa wa jikoni mambo yanaweza kwenda hivi:

“Mnamwona nani hapa?”
“Paka!”
“Naam, paka. Amefanya nini huyu paka?”
“Amelala.”
“Amelala kwenye majivu ya moto. Tuseme sote.”
“Amelala kwenye majivu ya moto.”
“Sasa kuku atasemaje?”
“Hapa si pangu, nitafute pangu!”

Angalia kwamba swali la kwanza ni la kutaja, ambalo hata mtoto wa miaka 3 analiweza, na la pili ni la tendo. Kwa wakubwa ongeza la sababu: “Mbona bibi amemfukuza?” Maswali ya ndiyo na hapana, kama “Kuku amechoka, sivyo?”, yanaleta kelele za pamoja lakini hayaleti lugha. Na ukiuliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano kabla ya kumsaidia mtoto, kwa sababu anayetafuta neno anahitaji muda ambao sisi watu wazima huuona mrefu mno. Usiulize kila ukurasa. Maswali matatu au manne kwa kitabu kizima yanatosha, vinginevyo hadithi inakatikakatika na watoto wanasahau kuku alikuwa anatafuta nini.

Mtoto anaposimama ghafla na kutangaza, “Kuku wetu aliliwa na kicheche!”, hajatoka nje ya mada. Ameunganisha kitabu na uani kwao. Mpe sentensi moja, “Lo, pole sana, huyu wetu tuone kama atapona,” na urejee kwenye ukurasa. Anayetambaa kuja kugusa picha umruhusu aguse, umwombe akae kando yako na akusaidie kufungua kurasa. Anayelia kwa sababu amemkumbuka mama asitolewe kwa aibu. Mtu mzima wa pili, ambaye ni lazima awepo kila kipindi, amchukue pembeni mpaka atulie. Na likitokea kundi zima limechoka katikati, funga kitabu kwa heshima, simameni, fanyeni mchezo wa viungo, kisha umalizie kwa kusimulia kwa mdomo. Andalio ni lako, si wewe wa andalio.

Baada ya hadithi, igizeni. Mtoto mmoja awe kuku, wengine wawe paka, bibi, babu na wenye gunia, na waliobaki wawe waimbaji wa kibwagizo. Hapa hapa unaweza kuingiza mchezo wa silabi bila wao kujua kuwa ni somo: ku-ku, makofi mawili, ki-ka-pu, makofi matatu, m-la-ngo, matatu pia, ingawa wengi watapiga mawili mara ya kwanza. Piga tena pamoja nao na uendelee. Kiswahili kinasaidia sana mchezo huu kwa kuwa silabi zake husikika wazi.

Kuchora kuwe huru. Mwombe kila mtoto achore mahali ambapo yeye angejificha kama angekuwa kuku, kisha mzungukie, umuulize, na uandike maneno yake chini ya mchoro kama alivyoyasema. Mtoto anapoona maneno yake yakigeuka maandishi mbele ya macho yake, ameelewa kuandika ni nini pasipo kuelezwa.

Saba: baada ya mkeka kukunjwa

Kabla hawajaondoka, wapeleke kwenye rafu ya chini, vitabu vikiwa vimepangwa jalada likitazama mbele, na umwache kila mmoja achague. Kama maktaba inaazimisha kwa watoto kupitia kadi ya mzazi au ya shule, tumia nafasi hiyo hapo hapo. Ukisema “njooni siku nyingine kuandikisha,” wengi hawarudi. Kubali pia kwamba vitabu vya watoto huchakaa. Kitabu kilichochanika ukurasa kwa kusomwa kimefanya kazi yake, na gundi ipo. Kwa maeneo yasiyo na jengo la maktaba, mambo haya yote hufanyika chini ya mti vilevile. Kaskazini-mashariki mwa Kenya vitabu vimepelekwa kwa wafugaji migongoni mwa ngamia tangu 1996.

Siku hiyo hiyo, nyuma ya andalio, andika mistari mitatu: ni wapi watoto walishiriki zaidi, ni wapi waliponyoka, na ni mtoto gani hajasikika bado. Usimlazimishe huyo wa mwisho kusema mbele ya wenzake juma lijalo. Mpe kikapu akishike.

Juma la pili soma kitabu kilekile. Watu wazima huogopa kurudia wakidhani watoto watachoka, ilhali watoto wa umri huu hudai marudio wenyewe. Punguza maelezo, ongeza nafasi za wao kujaza: soma “Kuku akaingia uvunguni mwa…” kisha usubiri. Juma la tatu waachie kitabu wakusimulie wewe kwa kufuata picha, na hapo utalipima lile lengo uliloliandika juu ya ukurasa. Kitabu kipya kianze juma la nne, lakini cha kuku kibaki kwenye rafu ya chini, jalada likitazama mbele, kwa sababu hicho ndicho watakachokiomba kuazima.

Andalio, picha za A3 na zana ziweke kwenye bahasha moja kubwa au boksi lenye jina la kitabu ubavuni, na orodha ya vilivyomo ikiwa imebandikwa ndani ya kifuniko. Kwa mwendo wa kitabu kimoja kwa majuma matatu, mwaka ukiisha utakuwa na maboksi yapata kumi na mawili, ukitoa likizo, na mkutubi wa tawi jingine anaweza kuyaazima mazima kama anavyoazima vitabu.